Nilimshtaki Mume Wangu kwa Matangazo Niliyoyaingiza Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba pia usinihurumie kabla hujafika mwisho wa barua hii, kwa sababu watu wote wananihurumia na huruma yao ndiyo inayoninyima usingizi.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, pale pale sebuleni, na mume wangu ni mwalimu wa jiografia, mtu mpole ambaye ukimkanyaga mguu anaomba radhi yeye, tumeishi miaka kumi na sita, watoto wetu wako shule ya bweni, na kompyuta yetu ni moja tu, iko kwenye meza ya kona karibu na cherehani, yeye anatungia mitihani na mimi natafutia mitindo ya nguo, na hatujawahi kufichana neno la siri.

Mwaka huu, muhula wa pili ulipoanza, ndipo yalipoanza matangazo. Unatafuta mshono wa kola, linaruka dirisha la mwanamke nusu uchi, "Niko kilomita mbili kutoka kwako, mbona huniandikii?", ukilifunga yanakuja mawili, na kule chini pembeni linachomoza jingine hata kama hujafungua mtandao. Nilinyamaza. Nikajiambia kompyuta haiokoti vitu njiani, inaleta inachoitiwa, na kama mimi sikuwaita hawa wanawake basi aliyewaita ninamjua, nikaanza kumchunguza mume wangu, akinawa mikono namwangalia, akitabasamu na simu namwangalia, wiki tatu nzima namlinda kama mlinzi wa benki na mwenyewe hana habari.

Jumapili moja mchana akaja mama mkwe pamoja na wifi yangu, wifi wa ndoa, si ile ya mtandao. Mama alitaka kuona picha za mahafali ya mjukuu wake. Alikuwa na miwani mpya, akavuta kiti akakaa karibu kabisa na kioo cha kompyuta ili asipitwe na kitu. Mume wangu akafungua picha, wakaangalia nne, wakacheka, na ya tano ikafunikwa. Unajua na nini. Mume wangu akahangaika na kipanya, kila akifunga kinafunguka kingine kibaya kuliko cha kwanza. Wifi akaguna.

"Ni vitu gani hivi?" mama akauliza.

"Sijui, mama. Vinakuja tu."

Hapo mimi, badala ya kuuma ulimi, nikasema, "Muulize vizuri mwanao. Vinakuja tu, vinakuja tu, mbona hajawahi kushangaa? Wiki ya tatu hii naishi na malaya zake humu ndani."

Mume wangu akanigeukia. "Mama watoto, unasema nini? Mbele ya mama?"

"Ndiyo, mbele ya mama! Ajue alichozaa!"

Nilisema hivyo, mshauri. Ajue alichozaa. Mama akavua miwani, akaikunja, akamwambia binti yake, "Nipeleke nyumbani." Akampita mwanawe bila kumwaga.

Mume wangu hakupiga kelele. Aliniambia mara moja tu kwamba hajui vinatoka wapi, nami nikacheka kile kicheko kibaya cha puani, na siku ya nne akachukua begi moja akahamia chumba cha walimu kule shuleni. Mama alikuwa mgonjwa wa moyo tangu zamani, hali ikazidi, na wiki ya saba akafariki. Mume wangu alikwenda kumwona mara mbili, na mara zote mbili mama aligeukia ukutani. Wifi ndiye aliyenisimulia, na alinisimulia kama mtu anayeniletea zawadi. Siku ya mazishi nilimwona mume wangu amesimama nyuma peke yake, na ndugu zake wamemwachia nafasi pande zote kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Wiki mbili baada ya mazishi, kompyuta ikawa nzito mpaka haifungui tena michoro ya nguo, nikamwita fundi, dada mmoja mwenye duka dogo mtaa wa pili. Alikaa nayo dakika kumi, akaniuliza, "Nani aliweka hizi programu?"

Nikamwambia, nikiwa na hakika kabisa, "Mume wangu. Ana tabia ya kutembelea kurasa chafu."

"Hapana, mama. Hizi hazikuja kwa kutembelea kurasa. Zimeingia zimebebwa na programu nyingine." Akanifungulia orodha ya programu zote, akazipanga kwa tarehe. "Unaona? Hii ya kufungulia michoro, na hizi tatu, ya kutafuta punguzo, ya hali ya hewa, na hii ya kuleta matangazo. Zote siku moja, saa tano asubuhi, dakika ile ile. Siku hiyo nani alikuwa anaitumia?"

Wiki ile mume wangu alikuwa mji mwingine anasahihisha mitihani ya taifa. Nyumbani nilikuwepo mimi. Nilikuwa na gauni la harusi la kumalizia, nikapakua programu ya bure kwenye ukurasa nisioujua, ikaniuliza hiki na kile, na mimi nina pini mdomoni na mkono mmoja umeshika kitambaa, nikabonyeza Kubali, Endelea, Endelea, Ruhusu, Maliza.

"Nizitoe?" fundi akauliza.

"Ziache kwanza," nikamwambia. Akaniangalia kidogo, akafunga begi lake, akaenda.

Sasa ni wiki ya sita tangu siku hiyo, na sijamwambia mtu. Majirani wanapita kunipa pole kwa kutendwa na mwanaume, wananiletea kazi za kushona ili nisijisikie mpweke, na mimi napokea. Niliyemdokezea kidogo ni msusi wangu, akaniambia, "Safisha hiyo mashine kimya kimya, halafu mpigie umwambie umemsamehe. Mwanaume akisamehewa hulegea. Atarudi, na hakuna atakayejua." Jumamosi hii mume wangu anakuja kuchukua vitabu vyake na ramani zake, na amenitumia ujumbe kwamba angependa nisiwepo. Bado nampenda. Nimsamehe, kama alivyosema msusi? Nikiifuta hiyo takataka, je, si nitakuwa nimefuta na ukweli? Na inafutwaje, maana hata barua hii nimeiandika kwa mkono, mashine haikubali mistari mitatu bila kuniletea mwanamke wa kilomita mbili.

Ni mimi, fundi cherehani.

JIBU

Fundi cherehani,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilibidi nisimame. Pole. Umempoteza mama mkwe, unalala peke yako, na unabeba siri nzito kuliko mgongo wako. Pole hiyo ni ya kweli, lakini inaishia hapa.

Umsamehe? Umsamehe nini? Mtu hakukosa, wewe umemvunjia heshima, umemtenga na ndugu zake, halafu umpigie simu umwambie yamekwisha, nimekusamehe, arudi ashukuru! Huyo msusi abaki na vichwa vya watu kwa nje tu, vya ndani asiviguse.

Kosa lako si kubonyeza. Kubonyeza tunabonyeza wote, hata mimi niliwahi kujaziwa kompyuta nikitafuta programu ya kuunganisha picha. Kosa lako ni wiki tatu za kumlinda mtu bila kumuuliza. Ungesema tu, "Baba watoto, njoo uone hiki kitu, unakijua?" mngekaa wawili mbele ya kioo mkashangaa pamoja. Badala yake ukaweka akiba ya hasira, ukaitoa yote mbele ya mama yake. Na baya zaidi ni hizi wiki sita. Ile Jumapili ulikuwa hujui. Leo unajua, na bado unapokea pole.

Sasa tuanze na mashine, maana ndiyo rahisi. Nimemuuliza fundi ninayemwamini, akanieleza kwa lugha niielewayo. Usifute chochote kabla hujaipiga picha kwa simu ile orodha, tarehe na saa vionekane. Mitihani ya mumeo na picha za familia zihamishie kwenye flashi. Halafu kata mtandao. Ingia kwenye mipangilio, penye orodha ya programu, uondoe zote zilizoingia siku ile, pamoja na hiyo ya michoro uliyoipenda, kisha zima na uwashe. Hujamaliza. Fungua kivinjari, utafute vile vijiprogramu vya nyongeza vilivyojibandika humo, na usivyovijua viondoe. Rudisha ukurasa wa mwanzo uliouzoea. Nenda penye arifa ufute ruhusa ya kila ukurasa usioutambua, kwa sababu wale wanaochomoza pembeni hata kivinjari kikiwa kimefungwa wewe ndiye uliyewaambia Ruhusu. Baada ya hapo rudisha mtandao, chukua programu ya kuzuia virusi kwenye ukurasa wa watengenezaji wenyewe, ikague mashine nzima hata kama itachukua nusu siku. Likitokea dirisha linalolia, "Kompyuta yako ina virusi mia mbili, piga namba hii upesi!", hilo nalo ni tangazo, lifunge. Yakirudi tena, mwite yule dada wa mtaa wa pili aisafishe yote na kuipanga upya. Na maneno ya siri yabadilishe, ukitumia kifaa kilicho safi.

Kuanzia leo, programu unaichukua kwa mwenye nayo, si kwa mchuuzi wa njiani. Inapojiweka, toa pini mdomoni usome. Ukipewa nafasi ya kuchagua mwenyewe, chagua mwenyewe, maana kwenye njia ya mkato ndiko wanakoficha visanduku vilivyokwisha kutiwa tiki kwa niaba yako. Ondoa tiki. Ukurasa ukiomba kukutumia arifa, kataa. Na kazi za kila siku zifanyie kwenye akaunti ya kawaida, isiyoweza kuweka programu mpaka neno la siri la mwenye mashine liandikwe. Utakereka, lakini utalazimika kusimama kidogo ufikiri, na wewe kusimama unakuhitaji.

Ngumu ni hii. Usingoje Jumamosi. Nenda kesho kwa wifi yako, maana mbele yake ndipo ulipomshtaki mumeo, na mtu aliyechafuliwa mbele ya watu hasafishwi chumbani. Mwonyeshe picha ya tarehe. Akikutukana, kaa utukanwe. Majirani wanaokuletea pole waambie pia, mmoja mmoja, hata wakihamisha kazi zao kwa fundi mwingine. Mama hatasikia. Hilo hulitengenezi, na usijidanganye kwa kwenda kulia kaburini ukaona umetua mzigo. Utaishi nalo.

Jumamosi uwepo, lakini mjulishe mapema kwamba utakuwepo na kwamba una jambo moja tu la kumwambia. Liseme bila "lakini." Usitangulize machozi, maana kwa upole wake atakubembeleza wewe. Akiuliza kwa nini ulinyamaza wiki sita, mwambie ulipenda kuhurumiwa. Na kurudi usimwombe. Hiyo si siku yako ya kuomba.

Wasomaji wangu, jibu hilo nilimsomea huyu mama kwa simu siku ya Jumatano, kwa sababu Jumamosi yake ilikuwa haisubiri gazeti. Jana alinipigia.

Alhamisi alikwenda kwa wifi. Wifi aliitazama picha kwenye simu kwa muda mrefu, akasema, "Na mimi ndiye niliyemwambia mama asimtazame usoni," akaingia ndani akafunga mlango. Hakumtukana. Mama huyu anasema angependelea matusi.

Jumamosi mumewe alikuja na mwalimu mwenzake wa kumsaidia kubeba. Alisikiliza amesimama, ameshika mlango. Akaomba ile picha aione, akaikuza kwa vidole viwili, akasoma tarehe kwa sauti. Halafu akauliza swali moja.

"Siku ya mazishi ulikuwa unajua?"

"Hapana. Nilikuwa bado."

"Afadhali," akasema. Akabeba vitabu, akarudi kuchukua ramani, akaaga kwa adabu kama anavyoaga mgeni.

Mama huyu ananiuliza sasa afanyeje, ampigie lini, amtume nani. Asimtume mtu. Wewe, fundi cherehani, usimpigie, usimfuate shuleni, usimpelekee maneno kupitia watoto. Endelea na majirani, umebakiza nyumba nyingi. Mume wako namba yako anayo.