Kijiwe Kimoja Mfukoni

Jumanne, tarehe 4 Machi

Basi akakikalia tena. Kile kijiwe kitupu, kisicho na herufi, ambacho ukikiweka ubaoni unakiita herufi yoyote utakayo. Alikishika toka mwanzo mpaka mwisho akisubiri neno refu, na neno refu halikuja. Akafungwa. Na aliyemfunga ni yeye mwenyewe, maana mkwe wangu akifanya mazoezi anacheza pande zote mbili, anauzungusha ubao: huku yeye, huku mpinzani wake, Fundi Saa. Leo Fundi Saa kashinda, na Fundi Saa mwenyewe yuko kwake anakula zake, hana habari.

Siku nimetaja? Nimetaja. Mkwe alinionyesha: Mama, bonyeza hapa, sema siku na tarehe, halafu sema yako yote, simu haichoki. Alikuwa ananicheka yule. Wanaochoka ni wao. Haya simsemei mtu, nayasikiliza mwenyewe asubuhi na chai yangu. Kuandika sikufundishwa, lakini mdomo ninao.

Mkwe wangu ni mke wa mwanangu wa pili, yule fundi wa friji. Kazi yake ni mafaili ya hospitali. Daktari anataja jina la mgonjwa, yeye anakwenda moja kwa moja kwenye rafu, haulizi. Kichwa hicho hicho ndicho kinachocheza vijiwe. Mchezo wenyewe kwa kuusema ni mwepesi — kila mtu ana vijiwe saba vya herufi mbele yake, vingine vimo kwenye mfuko wa kitambaa, unapanga neno ubaoni, unahesabiwa alama, unachota vingine. Kuusema ni kama kuosha vyombo. Kuutazama ni vita.

Fainali ni Jumamosi ya wiki ijayo. Timu ya kwenda kucheza nje ina viti vinne, vitatu vimeshapata wenyewe. Cha nne ni chake au cha Fundi Saa. Miaka mitatu kiti hicho kimempita hivi hivi, anakiona. Mwaka huu amesema kikimpita tena, ubao anaugawa kwa mtu. Na mimi namjua, yule hasemi jambo mara mbili.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo nimeonekana mtu wa maana.

Mimi herufi sisomi, lakini sura zao nazijua. S ni nyoka. T ni nyundo. O ni yai, hilo hata kipofu. M ni milima miwili. V ni jino, na jino liko moja tu mfuko mzima, zito, alama nane, na gumu kulipatia pa kuliweka. Mkwe aliacha mazoezi katikati akaenda kuzima jiko. Aliporudi akajisemea, sijui nyundo zimetoka ngapi — siku hizi na yeye anaziita hivyo, nimemharibu. Nikamwambia nne zimetoka, moja bado. Akageuka. Akahesabu ubao mzima kwa kidole. Nne.

Mama, umejuaje?

Nimejuaje! Miaka thelathini nimechambua buni kiwandani. Mkanda unapita, buni zinapita, mbovu unatoa, nzima unaacha, na mdomo haufungwi kwa sababu tulikuwa wanawake kumi na wawili upande huu na kumi na wawili ule, na kila mmoja ana mume wa kusimulia. Mkono unafanya, mdomo unasema, jicho linaweka kumbukumbu lenyewe. Mnyapara akija kuuliza mbovu ngapi, unamtajia bila kufikiri. Kulikuwa na mmoja, jirani yangu kwenye mkanda, alikuwa na mguu mfupi, yeye alikuwa... aa, huyo siku nyingine.

Nilichotaka kusema ni kwamba mkwe naye anafanya hivyo hivyo. Anajua kilichotoka, kwa hiyo anajua kilichobaki. Sikujua kama mchezo uko huko. Nilidhani ni wa kujua maneno. Maneno wanayajua wote wale, anasema. Mchezo uko kwenye kile usichokiona.

Mwanangu akapita na spana yake mkononi, akasema vijiwe havipikiki. Mkewe akamjibu bila kuinua macho: hata spana. Nilicheka mpaka kikohozi hiki changu kikaamka.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimemwambia. Ilikuwa inanikaa kooni toka Jumanne.

Nikamwambia, mwanangu, wewe una kasoro moja. Ukipata kijiwe kizuri unakipenda. Unakiweka kama kitenge kipya, unasubiri harusi. Sasa mkanda unapita, mwenzio anaokota, wewe umekumbatia.

Akapanga vijiwe, akavipangua. Nikaona nimeingia pasiponihusu, mama mkwe mdomo mpana. Nikaenda jikoni, nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Baadaye akaniita. Mama, njoo uone. Kijiwe kitupu alikuwa amekiweka ubaoni, kwenye neno fupi la herufi tatu, alama kumi na tatu tu. Nikamuuliza, kwa nini hapo? Akanionyesha kwa kidole. Pale pembeni palikuwa na ule mraba mwekundu unaozidisha alama mara tatu, na njia ya kuuendea ilikuwa wazi, na zamu iliyokuwa inakuja ni ya Fundi Saa. Kwa hiyo hakukitumia kujipatia. Amekitumia kumnyima mwenzake.

Nikaketi. Jamani, huyu mtoto. Mimi nilimwambia kitu cha kiwandani, kitu cha kijinga, yeye kakigeuza kuwa kitu kingine kabisa. Mimi ningekitumia tu, basi. Yeye kakitumia mahali pake.

Akasema, lakini inauma, Mama. Nikasema najua.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimefanya jambo na sitamwambia mtu. Nimempelekea Fundi Saa saa ya marehemu mume wangu. Haijatembea miaka sita na wala sina haja itembee. Nilitaka kumwona tu.

Duka lenyewe upana wake ni mlango na nusu. Amekaa na kile kioo jichoni, saa zimejaa ukutani, kila moja inasema lake. Nilidhani nitamkuta mtu wa maringo, maana kakaa kwenye kiti kile miaka minane. Hana. Alipokea saa, hakuifungua. Akaiweka sikioni, akaitikisa kidogo, akasikiliza tena, muda mrefu, mimi nasema naye anatikisa kichwa tu. Ndipo akachukua bisibisi. Akagusa mahali pamoja. Ikatembea.

Miaka sita! Na mwanangu alishaifungua mara tatu na spana yake.

Akasema, wewe ni mama mkwe wa yule karani wa hospitali. Nikaona mwizi nimekamatwa. Nikasema ndiyo. Akasema, mwambie mimi namwogopa kuliko wote. Ana kasoro moja tu.

Nikamuuliza kasoro gani, baba?

Akacheka. Akasema, hiyo ndiyo inayonilisha, mama, nikiigawa nitakula nini?

Nimerudi na saa inatembea mkononi. Mtu akigusa mahali pamoja tu, huyo ni wa kuogopwa. Hata hivyo nimempenda. Sijui kama inaruhusiwa.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Leo hakuna mazoezi. Ubao kauweka juu ya kabati. Kaenda kazini, karudi, kafua, kapiga pasi blauzi ya kesho. Kakaa na mumewe wakasema habari za friji ya mtu fulani. Katulia kabisa. Mimi ndiye nisiyekaa kitako.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Niko nje. Kwenye korido, kwenye benchi. Nimetolewa.

Ngoja nianze vizuri, nikiruka nitasahau.

Ukumbi una meza moja katikati, na saa ile ya vitufe viwili: ukimaliza kucheza unabonyeza yako, dakika za mwenzio zinaanza kuliwa. Watazamaji wanasimama nyuma, na kusema ni marufuku. Msimamizi, mwalimu mmoja mstaafu mwenye kalamu sikioni, alituambia mara mbili, na mara ya pili alinitazama mimi. Mwanangu alikuwa ameomba ruhusa kazini, akasimama kando yangu. Sikumuuliza kilichomleta.

Michezo mitatu. Wa kwanza kachukua Fundi Saa, taratibu, kama anakunja nguo. Wa pili kachukua mkwe wangu, na kijiwe kitupu alikitoa kikiwa bado cha moto. Nikamwona Fundi Saa anainua uso. Kile chakula chake hakikuwepo mezani. Hakukasirika. Alivuta kiti mbele kidogo tu.

Sasa wa tatu. Nilisimama nyuma ya mkwe, vijiwe vyake naviona. Mfukoni vimebaki vitatu. Yeye yuko nyuma kwa alama kumi na nne. Na ana neno! Hata mimi nilijua ana neno, kwa jinsi alivyovipanga vijiwe vitano upande mmoja vikakaa vizuri. Akiliweka lile anapita mbele, watu wanapiga makofi.

Hakuliweka.

Akakaa. Dakika ikaliwa, ya pili ikaliwa. Anatazama ubao, anatazama mfuko. Nikahesabu na mimi, sina la kufanya, jicho linahesabu lenyewe. Nyundo, zote nje. Milima, yote nje. Nyoka, wote. Jino — jino silioni. Ubaoni halipo. Kwake halipo. Basi liko ama kwa Fundi Saa ama mle mfukoni.

Hapo mkwe akachukua vijiwe viwili tu. Viwili! Akaviweka kwenye pembe ya juu, kijineno kidogo, alama tisa. Mwanangu kando yangu akashusha pumzi kama mtu aliyeangusha sahani. Bado yuko nyuma kwa tano. Akachota viwili, kikohozi changu kikanipanda pale pale, nikakohoa, siwezi kuzuia. Vikaja A mbili. Jino hapana.

Ndipo nikaona. Vijiwe vilikuwa vitatu, kachota viwili, kimebaki kimoja. Fundi Saa akicheza lolote ni lazima akichote hicho kimoja. Kwa hiyo jino likiwa kwake, ni lake. Likiwa mfukoni, ni lake. Hana pa kukimbilia! Na ile pembe aliyoiziba kwa kijineno cha alama tisa ndiyo pekee iliyokuwa na nafasi ya jino kukaa. Kijiwe usichoweza kukiweka mwisho wa mchezo kinakukata alama zake, na mwenzio anaongezewa hizo hizo. Nane huku, nane huku. Na lile neno lake la vijiwe vitano bado analo mkononi, halijaguswa, na nafasi yake ubaoni iko wazi.

Kama angeweka neno lile mara ya kwanza angechota vyote vitatu, na pengine jino lingemwangukia yeye. Makofi angeyapata, kiti angekikosa.

Nikasema, aaa, mwanangu.

Sikupiga kelele. Nimesema tu, kama mtu anavyosema. Msimamizi akatoa kalamu sikioni akaninyooshea mlango. Nikatoka. Mkwe hakugeuka hata kidogo, lakini sikio lake moja nililiona limesogea, anacheka kwa ndani yule.

Miaka yote hii nala naye meza moja. Nimemwona akipika, akiumwa, akigombana na mume wake juu ya spana kwenye kabati la vyombo. Nilidhani namjua. Mtu anaacha neno zuri mkononi, watu wote wanamwona mjinga, na anakaa tu. Mimi ningeliweka. Nasema kweli, ningeliweka, tena na maneno juu yake.

Mlango huo. Mwanangu huyu anakuja.

Anasema, Mama, unaitwa. Nani ananiita? Msimamizi. Fundi Saa kasimamisha saa, kalalamika. Anasema ulikuwa unamkoholea mkeo... yaani mke wangu, Mama, nimechanganyikiwa. Anasema ni ishara. Wanataka ueleze.

Fundi alikuwa amebakiwa na dakika ngapi? Sekunde arobaini, anasema. Na alikuwa ameshacheza? Hajacheza.

Eh. Sekunde arobaini, hana pa kuweka, na saa imesimama. Kichwa chake hakijasimama lakini. Yule mtu hakuniita nieleze. Kaniita niseme. Ananijua, alinisikia dukani kwake nikisema mpaka saa ikapona. Nikisimulia kikohozi kilianzia wapi, na vumbi la buni, na daktari alisema nini, yeye robo saa nzima anautazama ubao bure. Fundi huyu! Kagusa mahali pamoja.

Basi nitajibu hapana, nikae.

Neno moja. Sijawahi.

Nakuja, baba, nakuja. Nishike mkono huo wenye nguvu. Hii inazimwa wapi...