Fundi Yuko Njiani

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na kabla hujaanza kunisema naomba unisome hadi mwisho, maana nikisimulia nusu naonekana mjinga tu, nikisimulia yote naonekana mbaya, na mimi mwenyewe sijui ni lipi kati ya hayo mawili.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu iko nyuma ya kituo cha mafuta, nabadilisha vitambaa, napanga springi, nakaza mbao, na kutwa nzima nina misumari mdomoni kwa hiyo si mtu wa maneno mengi. Simu yangu ilipotea, laini ya zamani nikashindwa kuirudisha, nikanunua laini mpya, na kumbe haikuwa mpya, ilikuwa ya mtu aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni moja ya intaneti, akaondoka, namba yake ikakaa mpaka ikauzwa tena, ila kwenye tovuti ya kampuni hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Ile sehemu ambapo mteja anaandika malalamiko yake halafu anabonyeza "Tuma", basi yote yaliyotumwa pale yalikuwa yanakuja kwangu. Mwanzoni sikujua hayo. Niliona tu simu inalia, "Mteja anasema mtandao umekatika," "Mteja anasema taa nyekundu inawaka," mwingine, "Mteja anasema nyinyi ni wezi," nami nimesimama na nyundo mkononi.

Nilijaribu, Shangazi, Mungu ni shahidi. Niliwajibu kwenye ujumbe ule ule, na jibu likawafikia kwa jina la kampuni, "Mimi si kampuni, mimi ni fundi makochi," mmoja akanijibu, "Ndiyo maana mtandao wenu mbovu, mmeajiri mafundi makochi." Nikapiga namba ya kampuni, nikawekewa muziki mpaka nikaukariri. Nikaona basi niwaandikie kule kule kwenye tovuti yao, nikajaza vizuri kabisa, tatizo: "Sehemu hii ya malalamiko ni mbovu, ujumbe wa wateja wenu unakuja kwangu," nikabonyeza Tuma, na simu yangu ikalia hapo hapo juu ya meza. Nilikuwa nimejilalamikia mwenyewe. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Ofisi yao ninaipita kila nikienda kununua sponji, iko ghorofa ya chini, ina mlango wa kioo, na kila nikiipita nilisema nitaingia kesho, na hiyo kesho ndiyo inayoniua sasa.

Maana baadaye nilinogewa. Kuna mteja aliandika kwamba taa nyekundu haizimiki, na kwa kuwa hata nyumbani kwetu taa hiyo iliwahi kutusumbua, nikamwandikia azime kile kiboksi cha intaneti, asubiri kidogo, akiwashe tena. Kikakubali. Alinishukuru, akaniombea dua, akasema tangu ajiunge na kampuni hii hajawahi kujibiwa na binadamu. Shangazi, kwenye makochi sishukuriwi, mtu akija kuchukua kochi lake anakaa, anajitikisa, anasema, "Mbona upande huu umeinuka?" Basi nikaanza kuwajibu. "Zima, uwashe." "Tumepokea." "Tunalifanyia kazi." Maneno ya ofisini ni mepesi sana ukishayazoea. Mke wangu akawa ananiita Bwana Huduma, nami nikawa naitika.

Kati ya wateja hao kulikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, anaishi peke yake, mimi namwita Mama Mwalimu. Huyu hakuandika kama wengine. Kila ujumbe aliuanza na "Marahaba, mwanangu," kwa sababu alisema anajua huko niliko nimeshamwamkia, kijana anayejibu watu vizuri namna hii hawezi kukosa adabu. Kisha anaeleza shida ya mtandao, kisha anauliza kama nimekula. Ikafika mahali nisipopata "marahaba" yake asubuhi naona siku haijaanza.

Mama Mwalimu alikuwa na dada yake mkubwa, anaishi mbali kwa binti yake, na alikuwa mgonjwa, sauti imekwisha kabisa, hata ukimpigia simu ya kawaida hakuna utakachosikia. Wakapanga Jumamosi mchana waonane kwa video, waonane sura tu. Ijumaa mtandao wa Mama Mwalimu ukakatika. Akaniandikia kwa bando la simu yake, akasema bando hilo linatosha kuandika, halitoshi kuonana, kwa hiyo anaomba fundi, "na kama hamtaweza kuja, mwanangu, niambie mapema tu, nitakwenda kwa jirani yangu muuza vitambaa, mtandao wake mzuri na ameshanikaribisha." Akaelekeza na nyumba, geti la bluu, mkabala na duka la dawa. Napajua. Huyo muuza vitambaa ndiye anayeniuzia vitambaa vya makochi.

Nilikuwa nimebanwa na kazi, nikajibu haraka haraka, na jibu lenyewe nalikumbuka neno kwa neno: "Fundi anakuja kesho asubuhi. Tafadhali usitoke nyumbani." Hilo la usitoke nyumbani nililiona kwenye ujumbe wa kampuni nyingine nikalipenda, lilisikika kama la ofisi kweli. Wala sikuwa na nia mbaya, nia yangu ilikuwa niende mwenyewe nikazime, niwashe. Asubuhi akaja mteja na seti nzima ya makochi, anayataka jioni, ana wageni, nikavua shati nikaingia kazini. Simu ikalia: "Mwanangu, nimeacha geti wazi." Nikajibu, "Fundi yuko njiani." Ikalia tena: "Nimemwekea fundi chai kwenye chupa." Nikajibu, "Yuko njiani." Nilijibu kwa kidole kimoja huku navuta kitambaa, Shangazi, hata sikusimama kufikiri. Kumbe jirani alikwenda kumchukua, mama akakataa, akasema fundi akifika akute nyumba imefungwa atajiona amedharauliwa. Jioni akaandika kwamba kule walipiga, wakapiga tena, dada yake alikuwa ameketishwa kitandani, amefungwa kilemba kipya, wakamkosa. "Si neno," akasema, "tutajaribu wiki ijayo."

Dada yake hakuifikia wiki ijayo.

Nilipata habari kwa njia ile ile, kupitia ile sehemu mbovu. "Marahaba, mwanangu. Dada yangu ametangulia mbele za haki. Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiye unayejibu. Mwambie yule fundi asijilaumu, huenda njiani alipata dharura."

Shangazi, nilikwenda nyuma ya karakana nikalia kama mtoto. Mpaka leo ananiandikia. Hataji tena mtandao, ananisimulia dada yake alivyokuwa akimbeba mgongoni kwenda shule, na mimi najibu "Pole sana, mama," halafu nashika kichwa. Mke wangu anasema ninyamaze, mama wa watu ameshasamehe, kwa nini nikamtoneshe kidonda? Kwenda kwenye kampuni naogopa wataniitia polisi kwamba nimejifanya mfanyakazi wao, na hata wasiponiitia, wakishatengeneza ile sehemu ujumbe wake utakwenda kwa watu wasiojibu, naye atabaki akiongea na ukuta. Nikinyamaza nakosa usingizi. Nikisema namvunja. Kwenda kununua vitambaa siku hizi nazunguka njia ya nyuma nisilione lile geti. Nifanye nini?

Ni mimi, Fundi Makochi.

*

Fundi, nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba. Sasa na wewe nisome, na utoe misumari mdomoni.

Nianze na lisilo lako. Kampuni iliyoacha namba ya mtu aliyeondoka ikae kwenye tovuti yake, na isigundue kwamba malalamiko yamekoma kuingia, hiyo inastahili barua yake peke yake. Pengine walidhani wateja wameridhika. Ulitupiwa mzigo usio wako, na ile siku uliyojilalamikia mwenyewe nimecheka na mkeo, nisiseme uongo. Hata kumfundisha mtu kuzima na kuwasha kiboksi si dhambi. Pole pia kwa kazi yako isiyoshukuriwa. Ninalo kochi hapa lililokarabatiwa vizuri na sikumbuki kama nilimwambia fundi asante.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ulisifiwa kidogo ukaanza kugawa maneno usiyokuwa nayo. Na usinidanganye, wala usijidanganye, kwamba kosa lako lilikuwa kusahau. Watu wote husahau. Mama yule alikuomba kitu kimoja tu, tena kwa adabu: kama haiwezekani, niambie mapema. Alikuwa na njia nyingine. Ilikuwa kwa jirani, mlango wa pili, naye ameshamkaribisha. Wewe ukaifunga kwa maneno mawili ya kuazima, kwa sababu yalisikika vizuri. Na Jumamosi ile ulikuwa na nafasi zaidi ya moja ya kuifungua tena. Kuandika "Mama, nenda kwa jirani" kungekugharimu kidole kile kile kimoja.

Nimeandika hayo kwa uchungu, si kwa kukukomoa. Najua hakuna Jumamosi nyingine itakayokuja ya kurekebisha ile. Maji yamemwagika, hayazoleki. Mama hakumwona dada yake, na dada alikaa na kilemba chake kipya akimsubiri. Hilo litabaki hivyo, na wewe utaishi nalo. Sitakupa neno la kulifuta kwa sababu sina.

Sasa huyo mkeo. Msalimie, naona ni mtu wa furaha, ila katika hili amekosea. Anasema mama ameshasamehe. Amemsamehe nani? Amemsamehe fundi aliyepata dharura njiani, na fundi huyo hakuwahi kuondoka popote. Msamaha ule ulikwenda kwa mtu asiyekuwepo, ndiyo maana haujakufikia, na hautakufikia hata ukisubiri miaka. Wewe kwa kazi yako unajua: kochi lililooza mbao hulipigi kitambaa kipya juu ukasema limepona. Mtu akikalia, linavunjika. Mama Mwalimu amekalia uongo wako kila asubuhi, tena na msiba wake mapajani.

Unaogopa atabaki akiongea na ukuta. Fundi, hivi sasa anaongea na nini?

Basi fanya hivi. Leo hii acha kujibu wateja, hata mmoja, ila kumwambia kwamba namba si ya kampuni na aende ofisini. Akikutukana, tukanwa. Kisha nenda kwa Mama Mwalimu kabla ya kwenda popote, asije akayasikia kutoka kwa mtu mwingine. Usimwandikie. Umeshaandika vya kutosha. Pita njia ya mbele, lione lile geti, ubishe. Atakukaribisha chai, maana ndivyo alivyo. Usiinywe kabla hujasema, kwani ukishakunywa chai ya mtu ulimi unakuwa mzito. Mwambie wewe ni nani, namba ilikufikiaje, na kwamba hapakuwa na fundi njiani. Usimtaje mteja wa makochi wala wageni wake, hayo ni ya kujitetea. Na usiombe msamaha siku hiyo, maana ukiuomba, mwanamke mwenye adabu kama yule atajiona analazimika kukupa. Mwachie karakana yako iko wapi, uondoke. Akikufukuza, ana haki. Akikaa kimya, ana haki. Akitaka siku moja kukusimulia tena habari za dada yake, atajua pa kukupata, na safari hiyo atakuwa anamsimulia mtu.

Ukitoka hapo, mguu kwa mguu hadi ofisi yenye mlango wa kioo. Usianze na hadithi ndefu, hawatakusikiliza. Mwombe dada wa mapokezi afungue tovuti yao na aandike malalamiko yoyote anayotaka, kisha abonyeze Tuma, na wewe uinue simu yako ilie mbele yake. Polisi hawataitwa, nakuhakikishia. Aibu yao ni kubwa kuliko yako. Usibanduke kwenye kiti mpaka namba ibadilishwe na yeye ajaribu tena na simu yako inyamaze. Na kabla ya kutoka mpe jina la mteja mmoja, mwalimu mstaafu, geti la bluu, ambaye bado anasubiri fundi. Wa kweli.

Najua pale getini utatafuta neno la kuanzia. Neno unalo. Mama yule amekuitikia marahaba asubuhi baada ya asubuhi, na wewe hujamwamkia hata mara moja. Anza na shikamoo, fundi. Unadaiwa nyingi.