Safari Hii Avuke

Muheza, 3 Machi 1957

Mwanangu Mwalimu Zebedayo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, mguu umeacha kuuma, na michungwa imezaa hadi matawi yanainama. Wewe je, unakula?

Gazeti lenye hadithi yako limefika. Nilipoona jina lako limepigwa chapa nilizunguka nalo Muheza nzima. Sleyum wa dukani akasema, "Mama Zebedayo, sasa machungwa yako hatutayaweza bei!" Nikaalika majirani, wanakwaya na wazee wa kanisa, nikatandika majamvi uani. Sikutaka kuisoma kwanza peke yangu, utamu nilitaka tuupate pamoja. Msomaji nikamweka dada yako Bibiana, maana hapa hakuna anayemfikia.

Akasoma. Mke wa mtu, kapenda karani wa mkonge, mume kamrudisha kwao. Watu wakaanza kutazamana. Nani hajui kwamba Methusela alimrudisha Bibiana kwangu kwa sababu ya karani Ernesti? Dada yako hakukatiza. Alisoma mpaka pale mwanamke anapojitupa mtoni akafa. Akakunja gazeti, akaniuliza, "Mama, nichemshe chai?"

Sasa nijibu. Kwa nini umemuua?

Mimi mama yako.

*

Mabawa, Tanga, 14 Machi 1957

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sijambo, ila homa inanisumbua kidogo.

Pole kwa yaliyotokea. Sikumtaja mtu jina. Chuoni tulisoma hadithi fupi za mabingwa wa Ulaya. Mke akitoka nje ya ndoa, mwisho hunywa sumu, au huugua kifua, au huzama. Hadithi nzuri hufungwa hivyo, msomaji apate funzo. Mchungaji wa hapa ameisifu sana.

Mwambie Bibiana akubali kusimama kanisani atubu, yaishe.

Mimi mwanao, Zebedayo.

*

Muheza, 24 Machi 1957

Mwalimu,

Pole na homa. Chemsha mwarobaini, usijidai umesoma.

Hao mabingwa wako wavivu. Mimi wa darasa la nne nakuambia, kumuua mtu ili hadithi iishe ni kukimbia kazi. Na karani umempeleka wapi? Umempandisha gari la moshi, kaenda zake! Hapa Ernesti anaimba besi mstari wa mbele, koo safi kabisa. Bibiana ndiye kawekwa benchi la nyuma, la waliotengwa, mpaka atubu mbele ya watu. Yeye anasema, "Nitasimama siku Ernesti akisimama." Nilikuwa namwona mkaidi.

Baada ya hadithi yako, Jumapili nilivua kanzu ya kwaya, mimi, sauti ya kwanza, niliyewafundisha nusu yao! Nikaenda kukaa naye. Mzee Abrahamu akaja kuninong'oneza, "Mama, hapa si mahali pako." Nikamjibu kwa sauti kila mtu asikie, "Pana upepo mzuri."

Lakini dada yako hali chakula. Juzi nilimkuta mtoni, ndoo imejaa zamani, yeye kasimama tu anayatazama maji.

Zebedayo, iandike upya, safari hii avuke. Kama huwezi kuniandikia hivyo, usiniandikie.

Mama yako.

*

Mabawa, 9 Juni 1957

Mama,

Shikamoo. Nimenyamaza kwa sababu nilikuwa naandika, nachana, naandika tena. Mhariri ameukataa mwisho mpya. Anasema wasomaji hawatapenda mwanamke wa namna ile abaki hai. Nimeunakili kwa mkono, huu hapa. Mpe Bibiana ausome peke yake kwanza.

Niachieni nafasi benchini.

Mwanao.

*

Muheza, 20 Juni 1957

Mwanangu, jina ninaloitwa mjini,

Salamu, na homa ikome. Sisi tunakula, wote wawili.

Kusoma peke yake amekataa. "Waite walewale," kasema. Nikatandika majamvi. Gazeti limekataa, ua wangu haujakataa!

Akasoma, kasimama wima. Mwanamke anaingia mtoni, maji yanafika magotini, yanafika kiunoni, anatokea ng'ambo, anakamua kanga yake, anashika njia. Basi. Mzee Abrahamu akakohoa, "Sasa adhabu yake iko wapi?"

Bibiana akamtazama. "Kanga imelowa, mzee."

Walicheka, mke wa Abrahamu ndiye wa kwanza.

Njoo Jumapili. Vaa ile suti nyeupe. Tukiwa kule nyuma, nataka kanisa zima ligeuke kututazama.

Mama yenu.