Neno la Kumuaga Yaya

Jumamosi, 8 Novemba. Mvua ya vipindi tangu alfajiri. Udongo mwekundu wa mtaa wetu wa Kapata umeingia mpaka sebuleni.

Leo tumeondoa matanga ya yaya, dada yangu mkubwa. Alikuwa mwalimu hapa Kapata, akaolewa na Mturuki, akafia Istanbul, akazikwa huko. Katika ukoo wetu nguo za marehemu hazigawanywi kabla mtoto wake hajamuaga kwa sauti mbele ya watu. Mtoto ni mmoja tu, Leyla, wa miaka kumi. Hajui Kiswahili.

Ndiyo maana nimekuwa nikijifunza Kituruki. Nilianza na asili yake, kama nilivyozoea tangu shuleni. Kilitoka nyika za ndani ya Asia, kwa watu wa farasi walioandika juu ya mawe. Walipopokea Uislamu walipokea pia herufi za Kiarabu, na maneno mengi ya Kiarabu na Kiajemi. Hapo nilifurahi: dünya, kitap, saat. Kama maneno yetu! Nikatunga sentensi zangu kwa maneno ya namna hiyo.

Sura iliyofuata ya kitabu changu niliipita haraka. Karibu miaka mia iliyopita walibadili herufi, kisha wakafagia maneno mengi ya kigeni.

Tulimpigia Leyla huko Istanbul, simu tukaiweka juu ya sanduku la nguo alizoziacha yaya hapa. Nilimwambia Leyla kwamba mama yake alikuwa muallim. Akamuuliza baba yake, halafu akajibu taratibu kwamba hilo ni neno la bibi wa bibi yake. Siku hizi ni öğretmen.

Neno nililodhani litamshika mkono, kwao lilikwisha kuzikwa.

"Ule mutoto anasema nini?" aliuliza mjomba, Tata Ilunga.

"Anasema mi nimezeeka, tata."

Watu wakacheka kidogo.

"Ni kweli. Basi aite mama yake, tugawe bile bitu. Mvula inarudia."

Nikamwomba. Akaita mara moja tu, kwa nguvu, kama mtu aliye nje ya mlango:

"Anne!"

"Njo nini ile?" mjomba akauliza maana yake.

"Njo mama, tata."

Mjomba akavua kofia. Akaisogeza simu, akafungua sanduku.

Nimemwekea Leyla kitenge kimoja cha buluu. Yaya alikivaa siku yake ya kwanza kufundisha. Nitamweleza hilo kwa maneno gani, nami sijui lipi kati ya yale niliyojifunza bado li hai?

Saa tano na robo usiku. Mvua imekatika. Sasa ninalala.