Mama Hanisindikizi Tena

Suji, Same
20 Julai 1975

Mpendwa kaka Anaeli,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima wa afya, pamoja na wifi Esta na watoto. Je, kikohozi cha Paskali kimepoa? Huku kwetu baridi ya Julai imekaza, tunaota moto mchana kweupe. Mimi sijambo, mafua tu.

Kabla ya habari nyingine nakuomba radhi. Barua tatu mfululizo nimekuandikia kwamba mama hajambo. Nilikosea kaka, na kosa ni langu mimi nesi, si la mtu mwingine.

Tangu Mei zahanati inanituma nyumba kwa nyumba kuangalia wazee, ili kijiji kijue nani bado analima na nani wa kusaidiwa. Siwaulizi tu. Namwomba mzee ainuke kwenye kigoda bila kushika kitu, aende mlangoni na kurudi, amimine maji kikombeni, afunge vifungo vya shati. Mzee Rubeni alinitukana weee, lakini aliinuka. Kwa mama niliona haya. Nitamwamuruje mama yangu mzazi asimame? Naingia, nampa shikamoo amekaa, anaitikia kwa sauti ile ile ya kufukuza mbuzi shambani. Namuuliza kama anapika, anafua, anaoga. Anasema ndiyo, nami naandika ndiyo.

Juma lililopita, wakati naaga, ndipo nikashtuka kwamba tangu masika mama hajanisindikiza hata mara moja. Unamjua, hata mgeni wa dakika mbili atamfikisha njia panda huku hadithi haijaisha. Siku hizi kila mara ana sababu, mara jua, mara kuku. Nikamwambia, "Mama, leo nisindikize." Akanitazama, akasema, "Nitakusindikiza kwa macho, mwanangu."

Nikaweka mfuko chini. Ndipo nikauona ukuta. Kutoka kitandani hadi mlangoni udongo umeng'aa kwa viganja vyake, na nje ya mlango hakuna pa kushika. Magoti yamekataa. Kwa kuwa jiko liko uani, anakula mara moja tu kwa siku, jirani yetu Dorkas anapomletea makande. Alimwapisha Dorkas asiniambie. Nililia mbele yake, kaka, na yeye ndiye akanibembeleza.

Anakuogopa wewe. Uliandika kwamba siku akishindwa kujihudumia utakuja kumchukua akaishi nanyi Korogwe, basi akaificha miguu yake. Hataki kuliacha kaburi la baba. Aliniomba nikuandikie kwamba ni mzima. Siwezi. Lakini siwezi pia kuandika kwamba ameshindwa. Maharage anachambua haraka kuliko mimi. Nguo anavaa mwenyewe, anaoga mwenyewe akisogezewa maji, majina ya wajukuu anayo yote na ugomvi wao pia. Kinachomshinda ni kuinuka na kutoka nje, basi.

Kwa hiyo usije na gari, njoo na msumeno. Mimi nimehamia kwake tangu Jumatano na mafiga nimeyaingiza ndani. Kazi ya mbao ni yako wewe fundi: kitanda kiinuliwe, apate kiti cha kimo chake chenye mikono, na mti wa kushika kutoka mlangoni hadi chooni. Omba ruhusa hapo kwenye mkonge, hata siku nne zitatosha. Nakusihi.

Msalimie sana wifi Esta, mbusu Paskali, na Lukia mwambie shangazi yake anangoja barua yake.

Uzi uliomo kwenye bahasha usiutupe. Ni urefu wa mguu wa mama, goti hadi sakafuni, kwa ajili ya kiti. Nilipokuwa napima aliniuliza kama namchukulia kipimo cha jeneza. Nikamwambia ni cha kiti, na Anaeli atakuja kukitengeneza hapa hapa nyumbani. Halafu akavua ndara, akauweka mguu sawa ili nipime vizuri.

Mungu aitie nguvu mikono yako na akufikishe salama.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Yudith