Jina la Ivalu, Damu Yangu

Jumatatu, 3 Februari 2003

Daktari ameshuka na helikopta. Mwanamke mrefu, wa Denimaki, pua nyekundu, sanduku limejaa vichupa. Anataka damu ya kijiji kizima. Nikamwambia angekuja zamani, sasa ndani yangu imebaki kahawa. Justine, muuguzi wetu, akatafsiri. Daktari hakucheka. Au labda Justine hakutafsiri.

Wanatafuta kilichowaua watoto wa Milka, mjukuu wangu. Daktari anasema kinakaa kwenye damu, wazazi wanamrithisha mtoto bila kujua. Kwamba sisi wa pwani hii tumekaa peke yetu nyuma ya barafu miaka mingi mno, tukioana sisi kwa sisi, ndiyo maana kimejaa kwetu. Nikamuuliza alitaka tuoe nani — dubu?

Halafu akaniuliza habari za ukoo. Nikamjibu kwa adabu kabisa. Mke wangu Ivalu amekufa mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa kizee. Mara ya pili alikuwa na miaka miwili. Mara ya tatu alikuwa mvulana. Na huyu Milka ni mama mkwe wangu, maana ndiye aliyenizalia mke. Kalamu ikasimama. Justine ikabidi amweleze: mtu akifa, mtoto anayezaliwa baada yake anapewa jina lake, na jina likishaingia, basi mwenyewe karudi. Awe wa kike, awe wa kiume. Daktari akachora mistari, akaifuta, akachora tena. Mwisho nikawa nimemwoa kitukuu changu.

Milka alicheka. Sijamsikia akicheka tangu kiangazi. Tumbo lote likatikisika.

Ndiyo. Ana mimba tena.

Jumanne, 4 Februari

Nimetolewa damu. Nzito, nyeusi, kama ya sili dume tunayemwinda barafuni. Asser, mume wa Milka, mtu aliyemkabili dubu kwa kisu, aliiona sindano akakaa sakafuni. Nikamwambia, baba mkwe, inuka, unanitia aibu mbele ya wageni.

Nimerudi nyumbani nikamkumbuka yule Ivalu wa pili, mtoto wa kwanza wa Milka. Macho ya manjano kama mafuta ya sili yaliyokaa. Na kujikuna! Milka alimshonea vifuko vya ngozi ya sungura mikononi asijichane. Akawa anajisugua ukutani. Nilimwimbia zile nyimbo za matusi nilizokuwa nikimwimbia Ivalu mkubwa, akacheka huku anajisugua. Hapo nikajua ni yeye. Ivalu alizipenda sana, ila mbele ya watu alijifanya ananuna.

Kisha pua ikatoka damu, haikukatika.

Jumapili, 16 Februari

Thora, dada yake Ivalu, kaja baada ya kanisa na sufuria ya mbavu za sili. Akija na chakula, ujue ana neno.

Kasema dada yake yuko nje kwenye baridi hana mwili wa kukaa. Mtoto akizaliwa apewe jina, asiendelee kuzurura.

Milka akaweka kisu chini. "Bibi Thora, jina hilo silitaki. Limechoka. Linakuja kwangu kufa tu."

"Jina haliui. Nani kakwambia jina linaua?"

"Nenda kule mlimani kwenye misalaba, kaulize."

Asser anatafuna mbavu isiyo na nyama. Wote wakanitazama mimi, mume wa marehemu. Nikasema mtoto apewe jina la mbwa wangu aliyekufa vuli, alikuwa na tabia nzuri kuliko ukoo mzima. Hakuna aliyecheka.

"Shemeji," Thora akasema, "wewe utakufa mdomo wazi, na tutashindwa kuufunga."

Ukweli ni kwamba namtaka Ivalu arudi. Nyumba hii haina mtu wa kunikaripia. Lakini hilo sikulisema.

Jumatano, 12 Machi

Majibu ya damu. Justine kapigiwa simu, akatuita kliniki, akafunga mlango.

Milka anacho. Asser anacho. Hilo tulilitegemea. Mimi pia ninacho. Mimi mzima, sijawahi kuumwa hata jino! Justine anasema mwenye nusu haumwi, anakibeba tu na kukipitisha. Mtoto akipata nusu ya mama na nusu ya baba ndipo anaumwa. Milka, inavyoonekana, alikipata kupitia kwangu.

Nikasema nilidhani nimemrithisha pua tu.

Milka akauliza, na huyu wa tumboni? Justine akajibu, daktari anasema ni kama karata nne zimefunikwa, moja ndiyo mbaya. Milka akasema yeye amevuta mara mbili, zote mbaya. Justine akasema kila mara zinachanganywa upya, karata hazikumbuki.

Tulipotoka nje Milka akanishika mkono, theluji ilikuwa inateleza. "Kwa hiyo si Bibi," akasema. "Nimemsingizia bure."

"Si bibi yako. Ni babu yako."

"Basi aje," akasema. "Bibi aje. Nilikuwa namfungia mlango bila kosa."

Nilipaswa kufurahi. Afadhali lingekuwa jina. Jina unaweza kukaa nalo kimya, likapita. Damu utaificha wapi? Sasa namwita Ivalu wangu aje, halafu aingie kwenye damu yangu mimi, imtafune. Sitaki. Sasa mimi ndiye sitaki.

Ijumaa, 21 Machi

Barafu mbaya, Asser karudi mikono mitupu. Thora kanipita njiani, nikakosa la kumtania. Akarudi nyuma kuniuliza kama naumwa.

Jumapili, 30 Machi

Dhoruba. Helikopta ilikuwa imchukue Milka Ijumaa akazalie hospitali, haikuja. Leo uchungu umeanza. Upepo unaikamata nyumba kama unataka kwenda nayo. Asser kafunga paa kwa kamba za mbwa wetu wa kuvuta mizigo barafuni. Mimi nimefukuzwa chumbani na Justine. Nilikuwa nachekesha, amesema, na si wakati wake.

Jumatatu, 31 Machi

Msichana. Kazaliwa alfajiri. Mzima, mnene, hana nywele, kama mimi.

Justine kachukua damu ya kitovu. Kichupa kiko kwenye friji yetu, karibu na siagi, kinangoja upepo utulie. Halafu mjini. Halafu Denimaki. Halafu wiki na wiki. Nilimtazama macho, kama yana manjano. Justine akasema, babu, acha, wote siku za kwanza huwa hivyo hivyo, hutaona kitu.

Tatizo ni kilio. Tangu azaliwe analia. Ziwa anakataa. Kwetu mtoto akilia hivyo anadai jina lake, hata asiyeamini anajua hivyo. Thora kamnong'oneza majina ya marehemu sikioni. Enok aliyezama. Mama yake Asser. Yule kasisi wa zamani, nikasema huyo hapana, tutakesha tukihubiriwa. Anazidi kulia. Jina lile Thora hakulitaja. Anasema si lake kulitaja, ni la mume.

Milka, midomo mikavu, akasema, "Babu, mwite."

Nikasema mnipe kwanza nimshike. Nikamshika. Akanyamaza.

Sijasema chochote. Naapa hata sikufungua mdomo. Kanyamaza tu, akakunja uso vile — kama mtu aliyekuta nyumba haijafagiliwa.

Thora akakaa chini. Akasema, "Unaona. Kamjua mumewe."

Basi niko mezani. Mkono mmoja una mtoto, mwingine kalamu. Kikombe cha maji kimewekwa hapa, nichovye kidole nimguse midomo, nilitamke. Nikimrudisha kwa mama yake analia. Nimejaribu. Milka ananitazama. Asser anatazama friji.

Thora kauliza tena, shemeji, unaandika nini sasa hivi? Nimemwambia angoje nimalize. Kwa hiyo naandika; kalamu ikisimama, itabidi nilitamke. Upepo bado. Mbwa wamefunikwa, naona pua tu. Siagi inakwisha, tukanunue. Maji kwenye kikombe yanatikisika nyumba ikitikisika. Amefungua macho. Naandika bado, Thora, ngoja, bado sijamaliza mstari —