Bahasha ya Mwenye Kifua

Mtaa wa Al-Hamra,
Jeddah.
Ijumaa, 14 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Fridah,

Salamu nyingi kutoka Jeddah, kwenye joto ambalo halijaambiwa kwamba Novemba imefika. Hujambo? Unakula vizuri? Unalala? Unapumua vizuri? Hilo la mwisho nakuuliza kwa makusudi, na utaona kwa nini. Mimi ni mzima kiasi. Nimechoka tu, Fridah, uchovu ule ambao hata ukilala siku nzima ya mapumziko unaamka nao.

Usishangae kupata barua ya karatasi kama zile za zamani za mama zetu. Simu yako inakaa kwa madam wako hadi Ijumaa, na uliniambia ana ile programu ya kutafsiri na huwa anasikiliza sauti zako kabla yako. Haya ninayokuandikia sitaki ayasikie yeye kwanza. Anayekuletea ni Norman, dereva wa nyumba hii, kijana wa Bungoma, anayempeleka mama yake madam wangu arusini huko Riyadh. Ameapa atafika mpaka Al-Suwaidi akukabidhi mkononi. Mpe chai, amesafiri mbali.

Niliposikia sauti yako ya mwezi wa nane ukisema ngazi za nyumba hiyo zinakushinda, kwamba ukifika ghorofa ya pili lazima ukae chini kwanza, nilikucheka. Nikakwambia ni wali wa kwa Waarabu umekunenepesha. Nimejuta sana kwa kicheko kile.

Sasa nikueleze habari ya chuma changu tangu mwanzo, maana ikikufikia vipande vipande utaniona nimerukwa na akili. Unakumbuka ile pikipiki iliyonigonga Chavakali nikavunjika mtulinga, nao hospitalini wakaniwekea chuma na skrubu sita. Vyuma vya kundi lile vilikuwa vibovu. Skrubu zinalegea, nyama inavimba, na mkono unakuwa wa kuazima. Tulioumia tulikuwa mamia, tukashtaki pamoja Nairobi, na mwaka jana kampuni ikakubali kuweka mfuko wa fidia chini ya mahakama. Ukikubaliwa, mfuko unakugharamia upasuaji wa kukitoa. Mimi sikuomba kingine. Nilitaka kitolewe tu, maana mkono wa kulia hauinuki tena kupita sikio, mapazia ya sebuleni nayatundika kwa wa kushoto, na madam ameanza kuniangalia.

Maombi aliyapeleka kaka Elphas kutoka nyumbani. Sisi unatujua. Karatasi yenye muhuri hatuiachi nyuma, tumefundishwa hivyo na ofisi ya chifu tangu tukiwa wadogo. Elphas akauliza aweke nini, nami nikamwambia aweke kila kilicho na muhuri kwenye sanduku la mama. Akaweka kadi ya ubatizo, akaweka cheti cha shule, akaweka na ile bahasha ya kaki ya kliniki ya ajenti aliyenileta huku, cheti cha "fit" pamoja na picha ya eksirei ndani yake.

Ndiyo, Fridah. Picha ile.

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kifua kile si changu. Kitu kikikaa na jina lako juu yake miaka mitatu, unaamini ni chako. Nilisahau ajenti alivyotutisha kwamba Waarabu hawachukui mtu mwenye chuma mwilini. Nilisahau ulivyovaa ile blauzi yangu ya maua, ukashika kitambulisho changu kwa kuwa wote wanatuita pacha, ukaenda kusimama mbele ya mashine badala yangu. Ulirudi ukicheka, ukimwigiza yule mpiga picha: vuta pumzi, ishike, usitikisike! Tukanunua mandazi, tukala njia nzima.

Na kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba hakukuwa na haja. Nilipofika hapa walinipiga picha yangu mwenyewe ya ikama, kibali cha kuishi. Chuma kilionekana waziwazi, na daktari akapita tu. Wanatafuta kifua kikuu, basi. Mengine hayawahusu. Tulidanganya bure.

Mwezi wa sita wasimamizi wa mfuko wakanijibu kwa mistari miwili. Picha ya Machi 2022 haionyeshi chuma chochote, kwa hiyo dai limekataliwa. Nilikaa kwenye stoo ya kufulia nikiisoma kwenye simu mpaka mashine ikamaliza kuzunguka. Hata kulia sikulia. Nikakata rufaa kwa sababu fomu ya rufaa ilikuwa imeambatanishwa, si kwa sababu nilikuwa na la kusema.

Hapo ndipo nilipokutana na Wakili Miriam Osebe. Kumbe mwanzoni rufaa zilikuwa zinasomwa na watu walewale waliokukataa, wagonjwa wakalalamika, na jaji akamteua wakili wa nje azisimamie zote. Hatumwi na kampuni wala na mfuko. Anasoma kila faili upya, ana daktari wake wa kuangalia picha upya, kisha anapeleka taarifa kwa jaji kila miezi mitatu. Nilipoambiwa hayo nilifurahi, halafu nikaogopa. Mtu anayesoma kila kitu ni hatari kwa mtu aliyeficha kitu.

Oktoba alinisikiliza kwa video. Nilijifungia stoo wakati wa usingizi wa mchana. Mama wa sauti ya pole, miwani imeshuka puani. Akainua picha mbele ya kamera akaniuliza, "Bi. Selipher, kifua hiki ni chako?" Nikamwambia network inasumbua, simsikii. Alikuwa anasikika vizuri kuliko redio. Akarudia polepole. Nikakata simu.

Nilikata simu ya mahakama, Fridah! Nikarudi kufua, na nguo za watoto nikazitia maji ya moto.

Jioni akaniandikia. Hakufoka. Alisema ananipa siku kumi na nne nilete kiapo cha kueleza picha hiyo, na picha mpya ikiwezekana. Halafu akaongeza jambo ambalo, alisema, halihusu rufaa. Daktari wake ameona kwenye picha ile moyo mkubwa kuliko kawaida, na anashuku valvu, labda kwa homa ya viungo ya utotoni. Kliniki iliandika "fit" bila kuangalia. Kama kifua ni changu, nimwone daktari wa moyo upesi. Kama si changu, mwenyewe ajulishwe, kwa sababu miaka mitatu na nusu imeshapita.

Nimesoma maneno hayo mara nyingi kuliko Biblia mwaka huu, Mungu anisamehe. Nikakukumbuka ukiwa darasa la nne, ulivyovimba magoti ukakaa nyumbani muhula mzima, mama yako, mama mdogo Keziah, akikupaka mafuta ya nazi. Nikakumbuka unavyolala umeegemea mito miwili. Nikakumbuka ngazi. Na wewe nawe mwaka jana ulipita kliniki ileile, ukapita na ya hapa, ukapewa "fit" mara mbili. Hakuna hata mmoja aliyekuangalia.

Nisikufiche, nilijaribiwa. Norman aliniambia niape tu kwamba kliniki ilichanganya picha za watu. Alisema, "Auntie, hizo kliniki huchanganya kila siku, nani atakataa?" Na ni kweli, nani angekataa? Ningeshinda, ningetolewa chuma, wewe ningekunong'oneza pembeni, na jina la mtu lisitajwe. Niliandika kiapo hicho chote kwa mwandiko mzuri, nikakiweka chini ya godoro siku tatu.

Lakini ningekwambia nini? Kwamba moyo wako unaumwa, lakini mahakamani nimeapa picha ni ya mtu asiyejulikana? Wewe ungeniuliza ushahidi, daktari angekuuliza picha ya zamani, na mimi ningekuwa nimeshaizika kwa mkono wangu. Nikakichana.

Ijumaa ya mwisho ya Oktoba nilimwambia madam jino linaniuma, nikaenda kliniki moja Sharafiya wakanipiga eksirei. Safari hii nilishika pumzi yangu mwenyewe. Kesho yake Jumamosi maofisa wetu wa ubalozi walikuwa wamekuja Jeddah kuhudumia watu. Madam akanipa ruhusa tena, na akanionya nisirudie. Nilipanga foleni tangu asubuhi na wasichana waliokuja kutafuta pasipoti, nikaapa ukweli wote. Nilisema nilidanganya kwenye vipimo, na kwamba aliyesimama badala yangu ni mdogo wangu, aliyefanya hivyo kwa kunipenda. Jina lako sikulitaja. Niliandika kwamba ni lako mwenyewe kulitoa. Yule ofisa alinitazama, akagonga muhuri, akaita mwingine.

Jumatano majibu yamekuja. Wakili Miriam amekubali kwamba chuma kipo, picha mpya inakionyesha na skrubu mbili zimechomoka. Lakini kanuni za mfuko zinasema aliyeleta karatasi ya uongo kwa kujua anapoteza dai lake, na yeye hana mamlaka ya kuvunja kanuni. Rufaa imeshindwa. Ameandika atamwomba jaji anifikirie kwa huruma taarifa itakaposomwa mwezi wa pili, kwa kuwa nilisema mwenyewe. Jaji anaweza kukubali, anaweza kukataa. Mpaka hapo chuma kinabaki na mimi, na mapazia yanabaki na mkono wa kushoto.

Nimekasirika? Nilikasirika siku ya kwanza. Nilimwita yule mama majina ambayo siwezi kuyaandika. Angefumba jicho moja tu! Lakini kama angekuwa mtu wa kufumba jicho, moyo wako usingeonekana. Sasa sina hata wa kumkasirikia, na hilo nalo linachosha.

Chini kabisa ya uamuzi kuna kifungu kifupi. Kinasema picha ya Machi 2022 imeondolewa kwenye faili langu na kutiwa kwenye bahasha, imefungwa kwa lakiri, na kwa kuwa jina halijulikani, juu yake imeandikwa "Mwenye kifua". Atakabidhiwa mwenyewe au daktari wake, wakati wowote, bila kushtakiwa na mfuko kwa jambo lolote. Anwani ya ofisi nimekuandikia nyuma ya karatasi hii.

Najua unachoogopa. Unaogopa kupigwa muhuri wa "unfit" na kupandishwa ndege. Unamwazia mama yako na paa la nyumba unalomwekea. Naogopa nawe, sitakudanganya tena hata kidogo. Lakini ikama yako ina bima, iko kwa kafili wako, huyo mwajiri aliyekudhamini, na ni haki yako. Habari ya picha usimwambie madam. Mwambie unakosa pumzi na kifua kinabana, ambayo ni kweli. Akikuambia mafi, daktari hakuna, mwambie tena kesho yake, na kesho kutwa mwambie baba wa nyumba. Wakikataa kabisa, Norman ana namba ya watu wetu wa ubalozi hapo Riyadh. Na kama watakurudisha nyumbani, basi rudi. Mama mdogo atakupokea bila paa. Nyumbani kuna madaktari wa moyo pia, na bahasha iko Nairobi.

Usibebe ndoo za maji kupanda nazo ngazi. Tafadhali. Jifanye mvivu, watakutukana, halas, yaishe, matusi hayaui mtu.

Na usiseme umeniharibia rufaa. Nakujua, ndilo neno la kwanza utakalosema. Ulinipa kifua chako nikapata kazi ya kumlipia mama yangu Truphena dawa za presha, na hajawahi kukosa hata mwezi mmoja. Aliyeweka bahasha ile kwenye maombi ni mimi. Aliyekucheka kwa ngazi ni mimi. Nisamehe, mdogo wangu.

Ukiwasiliana na nyumbani nisalimie mama mdogo Keziah, lakini usimweleze bado mpaka daktari aseme. Nisalimie Elphas ukimpata, umwambie simlaumu kwa mihuri yake. Mama Truphena anakuombea kila Jumapili, ingawa hajui anakuombea nini hasa. Mungu aliyeuumba moyo huo aushike vizuri mpaka ufike kwa daktari, naye akuondolee woga.

Nimemwambia Norman asiondoke hapo mpaka uisome yote mbele yake, hata kama ni mlangoni. Mjibu kwa neno moja tu, aniletee.

Fridah, siku ile kliniki waliita Selipher, nawe ukaitika. Safari hii wataita jina lako. Itika.

Ni mimi dada yako akupendaye hata mkono ukigoma,

Selipher